Ruzuku ya mfano wa awali: fedha hiyo itajibu swali gani?

SWALI: Mimi ni fundi mitambo. Pamoja na mwenzangu tumetengeneza ghala la joto. Ni tofali zilizopangwa ndani ya kasha lenye kihami joto. Mchana zinapashwa na heta za umeme wa jua, usiku feni inapuliza hewa katikati yake na kutoa hewa moto kwa viwanda vidogo vya kukaushia mazao, badala ya kichomeo cha dizeli. Mfano wa kwanza unafanya kazi karakanani. Wawekezaji wanasema ni mapema mno. Wafadhili wawili wametukataa: mmoja kasema teknolojia haijakomaa, mwingine kasema imekomaa kupita kiwango chake. Tuombe wapi, tuandike nini, na je, tuuze hisa kwanza ili tupate pa kuanzia?

JIBU: Ndugu yangu, wafadhili hao wawili wamesoma andiko lilelile na kila mmoja akalipangia ngazi yake ya ukomavu, kwa sababu ninyi wenyewe hamkulipangia ngazi. Anzeni kurekebisha hapo.

Wafadhili wengi wa teknolojia hupima ukomavu kwa ngazi 9. Kipimo hiki kilianzia NASA miaka ya 1970, na Umoja wa Ulaya ukakiingiza katika programu yake ya utafiti ya Horizon 2020 iliyoanza mwaka 2014. Ngazi ya 1 ni kanuni ya kisayansi tu. Ya 3 ni ushahidi kwamba wazo linawezekana. Ya 4, vipande vimeunganishwa na vinafanya kazi maabara au karakanani. Ya 5 na ya 6, kifaa kimejaribiwa katika mazingira yanayofanana na ya kazi halisi. Ya 7, kipo kwa mtumiaji na kinafanya kazi yake. Ya 9, kimethibitika kabisa. Kwa maelezo yako, mko ngazi ya 4. Andikeni hivyo katika sentensi ya kwanza ya sehemu ya teknolojia, kisha mseme ruzuku itawafikisha ya 6. Mkiandika kwamba tofali na feni ni vitu vya kawaida vinavyopatikana popote, mtathmini mmoja ataona mko ya 9 na hamna haja ya ruzuku. Mkiandika kwamba bado mnachunguza kama tofali zitahimili, mwingine atawashusha hadi ya 3. Ngazi hupewa mfumo mzima, nao mfumo hauwezi kuwa juu ya kipande chake kichanga kuliko vyote.

Nije kwenye jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Ruzuku ya hatua hii kazi yake ni kuondoa shaka moja ambayo mwekezaji hataki kuilipia. Biashara yenyewe itajengwa kwa fedha nyingine. Mwaka 2017 mchumi Sabrina Howell alichapisha uchunguzi kuhusu ruzuku za SBIR, mpango wa serikali ya Marekani wa kufadhili utafiti wa kampuni ndogo, zilizotolewa na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo. Alilinganisha kampuni zilizopata na zile zilizokosa kwa nafasi chache. Ruzuku ya awamu ya kwanza, ambayo ilikuwa dola 150,000, iliongeza karibu maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji baadaye, kutoka takriban asilimia 10 hadi 19. Ruzuku ya awamu ya pili, dola milioni 1, haikuwa na athari ya namna hiyo. Maelezo yake ni kwamba fedha ile ndogo ilitumika kujenga na kupima mfano wa awali, na matokeo ya kipimo ndiyo yaliyowashawishi wawekezaji. Jina la mfadhili kama muhuri wa ubora halikuwa na uzito mkubwa. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa kampuni changa zenye teknolojia mpya, yaani watu kama ninyi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mfadhili, kaeni na mwenzako mjiulize: ni kitu gani kimoja ambacho tukikijua mwaka mmoja kuanzia leo, mwekezaji aliyetuambia ni mapema atabadili jibu lake? Msijibu kwa kukisia. Mrudieni mwekezaji huyo mmuulize. Wengi huambiwa ni mapema wakaondoka kimya, na hapo wanaacha taarifa ya thamani kubwa mezani.

Kwa ghala la joto la tofali naweza kubashiri shaka iko wapi. Si kwamba tofali zinashika joto; hilo linajulikana. Tofali zinazopashwa na kupoa kila siku hutanuka na kunywea, zingine hupasuka, vipande huziba njia za hewa, na heta zilizobanwa kati yake hukatika. Swali lenu basi linaweza kuandikwa hivi: baada ya mizunguko 200 ya kupanda hadi nyuzi 600 na kushuka hadi 100, je, ghala bado linatoa angalau asilimia 90 ya joto lililoingizwa, na je, hewa inayofika kwenye kikaushio inabaki ndani ya nyuzi 5 za kiwango kinachotakiwa kwa saa 8 mfululizo? Hizo namba ni za kwangu kwa mfano tu. Ninyi mtaweka za kwenu. Ila ziwepo. Andiko lenye swali la namna hii hufuatiliwa na mtathmini hadi mwisho, kwa sababu anajua atakapofika atajua kama mmefaulu au mmeshindwa.

Na mseme wazi kushindwa kutaonekanaje. Mkiandika kwamba ghala likishuka chini ya asilimia 80 kabla ya mzunguko wa 50 mtasimamisha majaribio na kubadilisha aina ya tofali, hamtaonekana wanyonge. ARPA-E, wakala wa utafiti wa nishati wa Marekani ulioidhinishwa kisheria mwaka 2007 na kupata fedha zake za kwanza mwaka 2009, husimamia miradi kwa vituo vya namna hiyo, kuendelea au kusimama, na miradi isiyofikia kipimo hukatishwa. Nikisoma maandiko, mara nyingi hukuta kila hatua imepangwa kufaulu. Huo si mpango wa utafiti, maana utafiti ambao majibu yake yote yanajulikana tangu mwanzo hauhitaji fedha ya mtu.

Sehemu ya pili inayoangusha waombaji wa teknolojia ya tabianchi ni hesabu ya hewa ukaa. Watu huandika "tutapunguza mamilioni ya tani ifikapo 2035" kwa kuzidisha soko la dunia nzima kwa asilimia fulani. Mtathmini hawezi kuikagua namba hiyo, kwa hiyo haiamini. Anzeni chini, kwenye kasha moja, mzunguko mmoja.

Tufanye pamoja. Chukua tani 1 ya tofali. Kilo moja huhitaji takriban kilojuli 1 kupanda nyuzi moja. Kutoka 100 hadi 600 ni nyuzi 500, kwa hiyo tani nzima inabeba kilojuli 500,000, ambazo ni karibu kilowati-saa 140. Tuseme asilimia 10 inapotea kupitia kuta za kasha. Zinazofika kwenye kikaushio ni 126. Lita ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10, na kichomeo chenye ufanisi wa asilimia 85 kingehitaji karibu lita 15 kutoa joto hilohilo. Kila lita ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Mzunguko mmoja basi unaepusha kama kilo 40, na mizunguko 300 kwa mwaka ni tani 12 kwa kasha la tani moja. Namba ni ndogo, ndiyo, lakini inakaguliwa mstari kwa mstari, na kutoka hapo mnaweza kupanda hadi idadi ya makasha mnayoweza kweli kuyatengeneza.

Hesabu hiyo pia inawafungulia macho jambo ambalo mtathmini mzuri atalitafuta. Hizo kilo 40 zinasimama tu ikiwa umeme ni wa jua. Siku ya mawingu mkichomeka kasha kwenye gridi inayotegemea makaa ya mawe, ambako kila kilowati-saa hubeba karibu kilo 1 ya hewa ukaa, mzunguko huo utatoa kilo 140, zaidi ya mara tatu ya dizeli mliyokuwa mnaikimbia. Andikeni wenyewe kabla hamjaulizwa: siku za mawingu tutafanya nini, na hesabu yetu inabadilikaje. Hakuna aya itakayowajengea imani haraka kuliko hiyo. Na kama kiwanda mnachokilenga hakichomi dizeli bali pumba au kuni, hesabu nzima inaanza upya. Msibebe dizeli kama kipimo cha kulinganishia kwa sababu tu inaleta namba nzuri.

Sasa, wapi. Chagueni mlango kwa ngazi, kwa mahali kampuni iliposajiliwa, na kwa kile mnachotaka kukijua. Kiasi cha fedha kije mwisho. Baraza la Ubunifu la Ulaya ni mfano mzuri wa namna milango inavyogawanywa. Pathfinder ni ya ngazi za chini, 1 hadi 4. Transition huwachukua walio ngazi ya 4 na kuwasogeza hadi 5 au 6. Accelerator huanzia hapo kwenda juu, kwa ruzuku isiyozidi euro milioni 2.5 inayogharamia hadi asilimia 70 ya gharama, pamoja na uwezekano wa mfuko kununua hisa. Kampuni ya ngazi ya 4 ikipiga hodi kwa Accelerator itakataliwa hata andiko likiwa zuri. Milango hiyo ni ya kampuni na taasisi za nchi wanachama au washirika wa programu. SBIR, iliyowekwa kisheria mwaka 1982, ni ya kampuni ndogo za Marekani. Energy Catalyst, mpango wa Innovate UK, wakala wa ubunifu wa Uingereza, imefadhili teknolojia za nishati zinazolenga Afrika na Asia na imehimiza ushirikiano wa taasisi za nchi mbalimbali. Kama hamna sifa ya kuomba kama kampuni, chuo kikuu au maabara yenye sifa inaweza kuwa mwombaji mkuu na ninyi mkawa washirika, mradi mkataba wa ushirikiano utiwe saini kabla ya kuwasilisha na useme nani atamiliki matokeo.

Tuzo ni mlango mwingine unaovutia macho. Earthshot imetoa pauni milioni 1 kwa kila mshindi wa makundi yake 5 tangu mwaka 2021, na shindano la XPRIZE la kuondoa hewa ukaa lilikuwa na dola milioni 100, ambapo mshindi mkuu alitangazwa Aprili 2025 akachukua dola milioni 50. Kwa hatua yenu singewashauri mzipangie bajeti. Tuzo hulipa aliyekwisha kufika. Ninyi mnahitaji anayelipia safari.

Na msiegemee mfadhili mmoja. USAID ilikuwa na mpango wa Development Innovation Ventures, ulioanza mwaka 2010, ambao ulitoa ruzuku kwa awamu na uliheshimika kwa kudai ushahidi. Mwaka 2025 shirika lote lilifungwa na mikataba mingi ikavunjwa ikiwa katikati. Aliyekuwa na chanzo kimoja alisimama. Gaweni kazi yenu katika vipande viwili vinavyoweza kukamilika kila kimoja peke yake: majaribio ya mizunguko karakanani kwa fedha ndogo, na majaribio kiwandani kwa fedha ya pili. Kipande cha kwanza kikikamilika, hata cha pili kikikwama mnabaki na kitu cha kuonyesha.

Kuhusu bajeti, wengi hufikiri kosa kubwa ni kuomba nyingi. Kubwa zaidi ni kutoelewa fedha inaingia lini. Chukua mradi wa gharama 100, sarafu yoyote. Mfadhili analipa 70, ninyi 30. Mkataba unasema atatoa 28 mwanzoni, 35 baada ya kukubali ripoti ya kati, na 7 za mwisho baada ya ripoti ya mwisho na ukaguzi wa hesabu. Mkifika ripoti ya kati mmetumia 60 na mmepokea 28. Pengo ni 32, na ripoti inaweza kukaa mezani kwa mfadhili wiki kadhaa huku mishahara na pango vinaendelea. Mwishoni mmetumia 100 na mkononi mmepokea 63. Kwa hiyo fedha mnayohitaji kuwa nayo ni 37, na zaidi ya hapo kidogo, hata kama mchango wenu kwa maandishi ni 30. Kampuni changa zimefunga milango zikiwa na barua ya ruzuku ukutani kwa sababu ya hesabu hii. Ombeni ratiba ya malipo kabla ya kusaini, na msione haya kuomba awamu ya kwanza iwe kubwa kwa kuwa vifaa hununuliwa mwanzoni. Ulizeni pia kama mchango wenu unaweza kuwa wa kazi na vifaa, maana saa zako na za mwenzako zina thamani mkiziandika vizuri kwenye karatasi za muda tangu siku ya kwanza.

Vitu vinavyosahaulika katika bajeti za mifano ya awali ni vilevile kila mara: seti ya pili ya heta na tofali kwa ajili ya ile ya kwanza itakayoharibika, vihisi joto na kifaa cha kurekodi data, gharama ya kuvipima usahihi wake, usafirishaji na ushuru wa forodha, na malipo ya maabara huru itakayothibitisha matokeo. Kwenu hili la mwisho lina uzito. Kipimo mlichokichukua wenyewe kwa kifaa chenu wenyewe kitawafikisha kwa mfadhili. Kwa mwekezaji mtahitaji sahihi ya mtu asiye na masilahi. Angalieni pia kama mfadhili hulipia kodi ya ongezeko la thamani. Wengine hawailipii kabisa, na kwenye vifaa hilo si shimo dogo.

Kabla hamjapeleka ghala kiwandani kwa mtu, fikirieni hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wenu. Ulaya na nchi nyingi hudai uvumbuzi uwe haujatangazwa popote kabla ya maombi kuwasilishwa. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa neema tangu alipoutangaza. Kuonyesha kifaa kwa mteja bila mkataba wa usiri kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kutangaza. Muhtasari wa mradi nao hutolewa hadharani na wafadhili wengi, kwa hiyo muhtasari useme kifaa kinafanya nini, usiseme kinafanyaje. Mkishawasilisha maombi ya kwanza, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 kuhusu mali za viwandani unawapa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama mkihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Pangeni majaribio ya kiwandani yaangukie ndani ya miezi hiyo, ili mwisho wake muwe na matokeo ya kuamua kama inafaa kulipia nchi zaidi.

Swali lako la hisa nimeliacha nyuma kwa sababu linategemea hayo yote. Ushauri wangu ni msiuze sasa. Mwekezaji akinunua mkiwa ngazi ya 4, anajilipia hatari yote ya mizunguko 200 kwa kukata bei, na ninyi mnabaki na sehemu ndogo ya kitu ambacho mwaka mmoja wa vipimo ungekipandisha thamani. Kuna sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi: umiliki ukibadilika, sifa ya kuomba inaweza kubadilika nayo. SBIR, kwa mfano, kwa kawaida hudai zaidi ya nusu ya kampuni imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, na mifuko mingine ina ukomo wa ukubwa wa kampuni unaohesabu pia kampuni mama ya mwenye hisa. Pale tu mnapokosa zile 37 za mtiririko wa fedha ndipo ningekubali mkopo unaoweza kugeuzwa hisa, wa kiasi kinachotosha kuziba pengo hilo tu, na masharti ya ugeuzwaji yafungwe na tarehe ya matokeo ya majaribio.

Kazi ya wiki hii iwe hii. Waandikieni wafadhili wale wawili kuomba maoni ya watathmini; wengi huyatoa wakiombwa, na mtaona kwa maneno yao wenyewe ni sentensi ipi iliyowapandisha ngazi na ipi iliyowashusha. Halafu andaeni ukurasa mmoja: kifaa, ngazi, swali, namba ya kufaulu na ya kushindwa, hesabu ya kasha moja, kiasi na muda. Mpelekeeni afisa wa programu wa mfuko mnaoulenga kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa wengi hawaruhusiwi tena kuzungumza na mwombaji mmoja mmoja. Muulizeni tu kama swali lenu limo ndani ya wito ujao wa maombi. Akisema halimo, muulizeni ni mfuko gani unaolipia maswali ya namna hiyo. Maofisa hawa wanafahamiana, na jibu la swali hilo la pili mara nyingi huwa ni jina la mfuko ambao hamkuwahi kuufikiria.